Kati ya Maziwa na Mala

"Dada, hebu niazime macho yako kidogo."

Ndivyo walivyoanza hawa wawili. Ilikuwa Jumamosi, ndani ya hadwea moja nyuma ya soko la Kibuye, watu wamebanana kaunta nzima, huyu anadai misumari, yule anagombania gundi ya bomba. Maximilla Nakhungu alikuwa amekuja kununua ndoano za pazia. Alivaa gauni la kitenge cha bluu lililomkaa mpaka mpakuzi wa saruji akasahau mzigo begani, na tepu yake ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni kwa sababu alitoka kazini mbio. Akageuka kwa ukali. Kisumu haikosi wanaume wa kuazima.

Aliyesema alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi hadi kola, lakini miguuni ana gambuti zenye tope la ziwa. Mkononi alishika vikadi viwili vya rangi.

"Kwani yako yamefanya nini?" Nakhungu akamuuliza.

"Yamechoka. Muuzaji anasema hizi ni rangi mbili. Mimi nimeziangalia tangu asubuhi, naona moja."

Nakhungu akavipokea vile vikadi, akavipeleka mlangoni penye mwanga. Vyote vilikuwa vyeupe, si weupe wa kuumiza macho, weupe uliotulia. Aliviangalia muda mrefu, kichwa kimeinama upande kama daktari anayesikiliza kifua.

"Hii ni maziwa," akasema. "Na hii ni mala."

"Mala?"

"Maziwa ikilala haibadiliki? Hii imelala. Angalia vizuri, iko na uchachu kidogo."

Yule kijana akacheka mpaka watu wa kaunta wakageuka. "Yaye! Umesoma wapi haya mambo?"

"Nashona mapazia Kondele. Jicho langu halidanganywi na ukuta."

"Basi jina langu ni Obonyo, na nina ukuta mmoja umenishinda."

Obonyo alikuwa mpima maji. Kazi yake ilikuwa kuingia ziwani na chupa, kuchota, kupeleka maabara, kuangalia kama yanafaa kunywewa na watu. Alikuwa amejenga nyumba ndogo juu kidogo ya Dunga, na kilichobaki kupakwa rangi kilikuwa chumba kimoja tu, chumba cha kulala. Nakhungu naye alikuwa mtoto wa Bungoma, hana muda mrefu Kisumu, Kiluo chake ni cha salamu na cha kuomba maji ya kunywa. Akampa namba. Alijiambia ni ya biashara, kwani chumba kikishapakwa si kitahitaji pazia?

Simu ikaanza.

"Nyar Bungoma, umeamkaje?"

"Hilo jina nimekukataza."

"Si wewe ni binti wa Bungoma? Nikuite nani basi, Mama Pazia?"

"Niite kwa jina langu kama watu wamesoma."

"Haya, Nakhungu, Mluhya mpenzi wa kuku. Umefikiria ile rangi?"

"Nimefikiria. Lazima niione ukutani. Kikadi hakisemi ukweli."

Ukawa ndio mwanzo wa safari za Dunga. Fundi Ondiek alikuwa amepaka vipande viwili ukutani, vimekaa ubavu kwa ubavu, maziwa kushoto, mala kulia. Chumba kilinuka plasta mbichi na upepo wa ziwa. Nakhungu akaja asubuhi, akasema hapana, rangi ya asubuhi si rangi ya jioni, akaja jioni. Akaja siku ya mvua ili aone ukuta unavyofanya mawingu yakishuka. Akaja na vitambaa, akavishika hapa na pale, naye Obonyo akasimama nyuma yake mikono mfukoni, akitikisa kichwa kwa makini kuliko anavyotikisa akisoma chupa za maji.

"Maziwa inapanua chumba," Nakhungu husema.

"Lakini mala ina joto," Obonyo hujibu.

"Ndio shida."

"Ndio shida kabisa."

Halafu wanashuka Dunga kula ngege na ugali, na Obonyo anamtolea miiba mmoja mmoja kwa sababu huyu mwanamke wa kuku alikuwa anatafuna samaki kwa woga. Anampangia minofu pembeni ya sahani. Anamwambia, "Kula, hakuna kitu kitakuchoma hapo." Ondiek aliwahi kulalamika kwamba hajaona ukuta uliochumbiwa namna hiyo. Haki ya Mungu, alikuwa hajakosea.

Siku moja wakirudi kutoka kula, Obonyo akasimama njiani, akaivua kofia yake na kuivaa tena.

"Siku utakayochagua," akasema, "nitakuambia jambo."

"Niambie sasa."

"Chagua kwanza."

Nakhungu akacheka. Alijua jambo ni gani. Na mimi najua alijua, kwa sababu usiku ule alijipimia kitambaa cheupe mbele ya kioo, bila sababu yoyote ya kazi.

Sasa sikilizeni yaliyoharibu mambo. Kisu hakikuwapo, wala mwanamke mwingine. Ni maneno mawili tu.

Alasiri moja wakiwa mle chumbani, simu ya Obonyo ikalia. Alikuwa Ondiek, anataka kujua anunue rangi ipi, ana kazi nyingine Otonglo inamngoja. Obonyo akaenda dirishani, akageuza mgongo, akasema kwa Kiluo, "Rit, Ondiek. Min ot ema biro yiero."

Nakhungu hakuelewa sentensi. Lakini yale maneno, min ot, yalimkwama sikioni kwa namna yalivyotamkwa. Obonyo aliyasema polepole, kwa sauti ya mtu anayebeba yai. Hajawahi kumsikia akilisema jina la mtu hivyo.

Kesho yake dukani, akamuuliza Jacinta, fundi mwenzake, mzaliwa wa Kisumu.

"Jacinta, min ot ni nini?"

Jacinta alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa. "Min ot? Si ni bibi ya mtu."

"Bibi aje?"

"Bibi! Mke. Mama mwenye nyumba, yule ameshika mwiko. Nani amesema?"

"Nimesikia tu sokoni."

"Umesikia sokoni na macho yamejaa maji?"

Nakhungu akamweleza yote. Jacinta akasikiliza, akapiga ulimi. "Woi, dada yangu. Hawa wanaume wetu nawajua. Bibi ako dala, huko nyumbani, analinda mji, halafu kuna rafiki wa taoni wa kuchagua pazia. Huwa anaenda wapi wikendi?"

"Sondu. Kwao."

"Basi."

Kila kitu kikajipanga chenyewe. Kila Jumapili, Sondu. Simu anazopokea amegeuza mgongo. Chumba cha kulala kinachosubiri mtu. Na yeye Nakhungu, mjinga wa mwaka, amekuwa akiinamisha kichwa huku na huku akimchagulia mwanamke mwingine ukuta wa kulalia!

Jacinta alitafsiri sawasawa, mbele ya Mungu. Min ot ni mke, mama wa nyumba. Alichosema Obonyo ni hiki: "Ngoja, Ondiek. Mke wangu ndiye atakayechagua." Na Sondu alikuwa akienda kukaa na mama yake mzazi kupanga nani atafuatana naye Bungoma kuchumbia. Huyo min ot alikuwa Nakhungu mwenyewe. Alisimama mita mbili kutoka kwa simu, anasikia anaitwa mke kwa mara ya kwanza maishani, na kesho yake akaenda kulia chooni.

Kuuliza si ujinga. Tunafundishwa shuleni, tunaimba, halafu tunakua tunaacha kuuliza. Nakhungu alikuwa na sababu yake. Dada yake mkubwa aligundua siku ya kumzika mumewe kwamba kulikuwa na mke mwingine, alipomwona akiteremka garini na watoto wanaofanana na wake. Tangu siku ile Nakhungu aliapa kwamba hatamuuliza mwanamume swali ambalo jibu lake ni uongo. Na mimi namhurumia, lakini pia namlaumu. Dada yake alikosa wa kumuuliza, kwa maana yule alikuwa kwenye jeneza. Wa Nakhungu alikuwa mzima, ana simu, na anapiga kila jioni.

Akapiga hata jioni ile.

"Nyar Bungoma wangu."

"Sema."

"Mbona sauti hivyo? Umekula?"

"Nimekula."

"Ondiek ananisumbua. Imebaki neno lako tu. Maziwa ama mala?"

"Paka yoyote."

Obonyo akacheka kidogo. "Yoyote aje? Baada ya safari zote hizo?"

"Zote ni nyeupe tu, Obonyo. Na hiyo nyumba si yangu. Nikuchagulie kwa nini?"

Kwenye simu ilisikika injini ya boti ikizimwa mahali.

"Hiyo nyumba si yako," Obonyo akarudia, pole pole.

"Si yangu. Au nimekosea?"

Aliuliza, mnaona? Alifungua mlango kidogo, upana wa kidole. Angesema tu, "Umekosea, ni yako," hadithi yangu ingeishia Bungoma kwa vigelegele. Lakini Obonyo alikuwa ametaka mke, na kwa masikio yake amejibiwa kwamba nyumba ibaki na mwenyewe. Alisikia kukataliwa, kukataliwa kwa adabu.

"Sawa," akasema. "Nimekusikia."

Akakata.

Alijaribu tena mara moja. Alikuja Kondele, shati limenyooshwa, gambuti miguuni, na kwapani amebeba kuku jike mzima, kwa sababu mtu alikuwa amemwambia kwamba Waluhya hawaendewi mikono mitupu. Nakhungu akamwona kwa mbali. Akajificha nyuma ya pazia lililoning'inia dukani, zito, la zambarau, na chini ya pindo akaona zile gambuti zikisimama, zikisogea, zikisimama.

"Ameenda kwao Bungoma," Jacinta akasema.

"Atarudi lini?"

"Hajasema."

"Mwambie nilikuja."

"Nitamwambia."

Kuku akalia mara moja. Gambuti zikaondoka. Nakhungu akatoka nyuma ya pazia, na Jacinta akamwambia, "Alikuwa na kuku."

"Ampelekee bibi yake."

Walicheka wote wawili, cheko la ovyo. Halafu Nakhungu akaketi kwenye mashine akashona mpaka uzi ukaisha, na alipoangalia, alikuwa ameshona pindo upande usio wake.

Miaka miwili ikapita. Nakhungu akazidi kujulikana kwa mapazia, akawa na duka lake mwenyewe. Wachumba walikuja, hakuwakataa, aliwaacha tu wachoke wenyewe. Akiingia nyumba ya mtu kupima dirisha, kitu cha kwanza anachoangalia ni ukuta. Jacinta alijua, na hakuwahi kumtania kwa hilo.

Kisha mwanamke mmoja akampigia simu. Sauti changamfu, ya mtu asiye na deni la moyo. "Dada Nakhungu? Naitwa Achola. Nimeona kazi yako kwa rafiki yangu. Unaweza kuja kunipimia dirisha moja? Tuko juu ya Dunga, ukipita kanisa unaona geti la kijani."

Aliijua ile njia kabla hajamaliza kuelezwa. Angeweza kumtuma Jacinta. Alijiambia anaenda kumwona huyo mke aliyemharibia maisha, amtazame usoni basi, yaishe. Akavaa gauni la kahawia lisilosema kitu, akabeba tepu.

Achola alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, leso ya maua imefungwa juu ya tumbo la mimba changa. Akamshika mkono kama wanajuana. "Karibu, karibu. Viatu usivue, sakafu ni chafu."

"Mmekaa hapa siku nyingi?"

"Mimi nimeolewa mwaka jana tu. Nimetoka Ahero."

Nakhungu akahisi ngazi imekosekana chini ya mguu. Mwaka jana. Si Sondu. Siku ile ya simu huyu hakuwako.

Chumba kilikuwa kimepakwa. Kuta zote nne, rangi moja, safi. Akasimama katikati.

"Umeipenda?" Achola akauliza. "Nilikuta vipande viwili tu ukutani, basi. Watu wanaishi nyumba nzima, chumba cha kulala bado kina plasta! Nikamuuliza Obonyo hii ni nini, akasema chagua. Nikachagua hapo hapo, hata mkoba sijaweka chini. Nikasema hii ya kulia. Ile nyingine ilikuwa inaelekea kijivu, ingetufanya tuonekane wagonjwa."

"Kijivu?" Nakhungu akauliza.

"Si kulikuwa na tofauti kubwa tu! Mtu hahitaji kusoma."

Mlango wa mbele ukafunguka. Sauti ikaita, "Achola?" Gambuti zikavuliwa, moja, ya pili. Obonyo akaingia chumbani na soksi, akamwona, akabaki ameshika fremu ya mlango.

"Huyu ndiye Dada wa mapazia," Achola akasema. "Ongea naye, mimi nilete chai."

Akaenda jikoni, leso ikipepea. Wakabaki wawili, na tepu ya kupimia.

"Nakhungu."

"Obonyo."

"Sikujua ni wewe ameita."

"Mimi nilijua ni kwako. Nikaja." Akaikunja tepu. "Yule mke wako wa Sondu. Yule wa kwanza. Alienda wapi?"

"Mke gani wa Sondu?"

"Ulimwambia fundi min ot ndiye atachagua. Nilikusikia kwa masikio yangu, hapo dirishani. Nikauliza maana yake, nikaambiwa."

Obonyo akaketi kwenye ukingo wa kitanda chake cha ndoa, akasimama tena haraka, kama amekumbuka ni kitanda cha nani.

"Nilikuwa nasema wewe," akasema.

Jikoni sufuria ikagonga jiko.

"Mimi?"

"Kulikuwa na mtu mwingine anachagua? Nilikuwa naona haya kukuita hivyo mbele yako kabla wazee hawajafika kwenu. Nikasema kwa Kiluo, nikijua hutasikia."

"Nilisikia."

"Ulisikia maneno."

Nakhungu akafunika mdomo kwa kiganja. Hakulia, mtu halii nyumbani kwa mwenzake. Obonyo akapiga hatua moja, akasimama hapo hapo alipofika.

"Mbona hukuniuliza?" akamwambia kwa sauti ya chini. "Neno moja tu. Ungesema, min ot ni nani."

"Na wewe, niliposema nyumba si yangu, mbona hukunikatalia?"

Majibu yalikuwepo, lakini yangefaa nini sasa? Kule jikoni vikombe vilikuwa vinapangwa kwenye sinia.

"Ungechagua gani?" Obonyo akauliza. "Niambie tu. Nimekaa na hilo swali."

Nakhungu akapangusa macho kwa ncha ya tepu, akacheka cheko dogo lenye maji.

"Sikuwahi kuona tofauti."

"Nini?"

"Maziwa, mala, yote niliyatunga. Siku ile hadwea sikuona kitu. Na huku ukutani sikuona kitu. Asubuhi, jioni, mvua, ni rangi moja, Obonyo. Nilikuwa naogopa nikichagua hakutakuwa na sababu ya kuja."

Obonyo akaufuta uso wake kwa mikono miwili.

"Hata mimi," akasema. "Mpaka leo naona moja."

Wakautazama ukuta pamoja, mara ya mwisho. Ulikuwa mweupe tu, uliotulia, umechaguliwa na mwenye macho.

Achola akaingia na sinia. "Mmeongea? Amekuambia anataka kitambaa gani? Huyu hajui chochote cha rangi, mimi nakuambia mapema."

"Ameniambia," Nakhungu akajibu. Akainyoosha tepu juu ya dirisha, akapima upana, akapima urefu, kwa sababu ile ilikuwa kazi yake. Nje, magugu yalikuwa yamefunika ghuba yote, kijani mpaka mbali.

Simu ya Obonyo ikalia. Alikuwa Ondiek, yule yule, amesimama getini na drili, anauliza fimbo ya pazia itobolewe juu ya fremu au ifike darini.

Obonyo akajibu kwa mazoea, kabla hajafikiri, maneno yakiwa yameshatoka: "Rit, Ondiek. Min ot ema biro yiero."

Kisha akajisikia, simu bado sikioni.

Achola akaweka sinia chini. "Mwambie juu ya fremu," akasema. "Kidogo tu, isizidi."

Ndiye aliyekuwa na haki ya kujibu, na alijibu vizuri. Lakini aliyegeuka kwanza, jamani, alikuwa Nakhungu.